Mtu Asiyetoka Nje ya Mstari

Mkimbiaji wa futiboli ya Kimarekani hupokea mpira mkononi akijua kwamba baada ya sekunde mbili tatu atagongwa. Wanaomjia ni wanaume wenye kilo mia na zaidi, vichwani helmeti, mabegani ngao za plastiki, na kazi yao pekee ni kumlaza chini. Sheria zimemwachia upenyo mmoja wa kuokoa mbavu zake, nao ni mstari wa pembeni. Akiuvuka tu, refa hupuliza kipenga na kumgusa kunakuwa kosa. Wakimbiaji wengi wenye akili timamu huutumia.

Walter Payton aliudharau. Alipofika karibu na mstari na kuona beki anakuja kumtoa nje, aligeuka kuingia ndani, akashusha bega na kumgonga beki yule kwanza. Alifanya hivyo kwa misimu 13 akiwa na Chicago Bears, kuanzia 1975 hadi 1987, na katika muda wote huo alikosa mechi moja tu, katika msimu wake wa kwanza. Hakuwa pandikizi la mtu. Alikuwa na urefu wa sentimita 178 na uzito wa kilo 91 hivi, katika kazi ambayo huwamaliza vijana wengi kabla hawajafika miaka 30.

Sifa za ushujaa huo zimeimbwa sana Chicago, na zinastahili. Ila zina upande ambao mashabiki hawakuuona kwa miaka mingi, kwa sababu mwenyewe aliuficha kwa ustadi uleule aliowakwepea mabeki.

Alizaliwa tarehe 25 Julai 1953 huko Columbia, mji mdogo wa kusini mwa jimbo la Mississippi, pembeni ya Mto Pearl. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Nyota wa familia alikuwa kaka yake, Eddie, na Walter hakutaka kushindana naye katika timu moja, hivyo akajiunga na bendi ya shule na kupiga ngoma. Kaka alipomaliza shule ndipo mdogo akavaa jezi.

Shule yenyewe iliitwa Jefferson, nayo ilikuwa ya watoto weusi. Mwishoni mwa 1969 Mahakama Kuu ya Marekani iliagiza wilaya kadhaa za Mississippi zikomeshe ubaguzi mashuleni mara moja, bila visingizio zaidi, na Januari 1970 wanafunzi wa Jefferson wakahamishiwa Columbia High, shule ya wazungu. Kocha wao, Charles Boston, aliyekuwa kocha mkuu kule walikotoka, akapewa cheo cha usaidizi chini ya kocha mzungu. Msimu ulipoanza, Payton alikimbia na kufunga, na jukwaani wazungu na weusi wakampigia makofi pamoja. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba kijana huyo aliuunganisha mji. Simulizi hiyo ni tamu mno. Mji ulipiga makofi, lakini mwanamume aliyemlea uwanjani ndiye aliyekuwa ameshushwa cheo, na hakuna idadi ya pointi iliyoweza kulifuta hilo.

Vyuo vikubwa vya Kusini vilikuwa ndiyo kwanza vinajifunza kuchukua wachezaji weusi. Payton akamfuata kaka yake Jackson State, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi katika mji mkuu wa jimbo. Kocha wao, Bob Hill, alikuwa mtu wa shuruti, na ndiye aliyemwachia Payton somo ambalo baadaye lilikuja kuwa jina la kitabu cha maisha yake: usife kirahisi. Kama ni lazima uangushwe, basi anayekuangusha alipie. Nyumbani Columbia, wakati wa likizo, kaka na mdogo walikimbia kwenye mchanga wa kingo za Mto Pearl, katika joto la Mississippi linaloambatana na unyevunyevu, mguu ukizama kila hatua. Alipohitimu alikuwa amefunga pointi 464, rekodi ya vyuo vya Marekani kwa wakati ule, na ana shahada ya mawasiliano. Alikuwa pia mcheza densi mzuri kiasi cha kuonekana katika kipindi cha televisheni cha Soul Train. Watu walimwita Sweetness, yaani Utamu. Jina hilo lilieleza miguu yake, wala si mabega yake.

Mfumo wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, ni kwamba timu zilizofanya vibaya ndizo hutangulia kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Bears walifanya vibaya, hivyo mwaka 1975 wakapata zamu ya nne, wakamchukua Payton. Hii ilikuwa klabu ya George Halas, mmoja wa waasisi wa ligi yenyewe, lakini ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1963, na uwanja wa Soldier Field, unaopigwa na upepo wa Ziwa Michigan, ulikuwa umezoea kushuhudia vipigo. Katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Baltimore Colts, Payton alipewa mpira mara nane. Jumla ya yadi alizopata: sifuri.

Hapa msomaji asiyeufahamu mchezo huu anahitaji maelezo kidogo. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, na yadi moja haifiki mita kamili. Ikifaulu, hupewa mengine manne. Isipofaulu, mpira huenda kwa wapinzani. Mkimbiaji anayepata wastani wa yadi nne kwa kila jaribio anailisha timu yake. Payton alimaliza maisha yake ya uchezaji na wastani wa 4.4, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo wapinzani walijua fika kwamba mpira ataletewa yeye, kwa kuwa Bears hawakuwa na mtu mwingine wa maana wa kumpa.

Mwaka 1977 ulimtambulisha kwa nchi nzima. Tarehe 20 Novemba, akiwa na homa ya mafua iliyomtesa, alipewa mpira mara 40 dhidi ya Minnesota Vikings na kukimbia yadi 275, rekodi ya mechi moja iliyodumu hadi mwaka 2000. Bears walishinda 10 kwa 7. Alipofika mechi ya mwisho ya msimu, huko New Jersey dhidi ya New York Giants, alihitaji yadi 199 ili kuivunja rekodi ya msimu ya O. J. Simpson. Uwanja ulikuwa umeganda barafu. Miguu iliteleza, mabeki waliteleza, na Payton akaambulia yadi 47. Lakini timu ilishinda 12 kwa 9 katika muda wa nyongeza na kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1963. Alifunga mwaka na yadi 1,852 katika mechi 14 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Mazoezi yake yalikuwa habari ya peke yake. Karibu na nyumbani kwake Arlington Heights, nje kidogo ya Chicago, kulikuwa na kilima kilichotokana na dampo la zamani la taka. Payton alikipanda mbio, akateremka, akakipanda tena, katika miezi ambayo wachezaji wenzake walikuwa wanakula likizo. Baadhi waliomba kwenda naye wakajionee, nao waliishia kutapika vichakani. Kule kilimani hapakuwa na mashabiki wala kamera, na nadhani ndicho alichokipenda: kuumia pasipo mtu wa kuuliza unajisikiaje.

Kwa sababu mbele ya watu alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mtani asiyepumzika. Aliwasha fataki mahali pa mazoezi. Aliingia mapokezi ya ofisi za klabu, akanyanyua simu na kuwajibu wapigaji kwa sauti nyembamba ya kike, nao wakaamini wanaongea na mhudumu. Alimshika mgeni mkono hadi vifundo vikalia. Akiwa chini ya rundo la miili, aliweza kuunyoosha mkono na kufungua kamba za viatu vya refa. Na kila alipoangushwa aliinuka upesi, kana kwamba amejikwaa tu. Beki aliyejitupa kwa nguvu zake zote na kumwona mtu wake anasimama kabla yeye mwenyewe hajasimama alipata ujumbe uliokusudiwa.

Waliocheza naye hawaanzi na mbio wanapomsifu. Huanza na jinsi alivyozuia. Mkimbiaji asiye na mpira ana wajibu wa kusimama mbele ya kwotabeki, yule anayerusha mipira, na kumkinga na watu wanaokuja kumponda. Nyota wengi huikwepa kazi hii kwa kuwa haina takwimu. Payton aliifanya kwa hamu, akiwapokea watu waliomzidi kilo 20. Alipokea pia pasi 492, akarusha mwenyewe pasi nane zilizozaa tachidauni, yaani kuuvusha mpira mstari wa goli, na kuna siku mwaka 1984 ambapo majeruhi walizidi hadi akasimama yeye katika nafasi ya kwotabeki.

Mwaka huohuo, tarehe 7 Oktoba, mbele ya watu wake Soldier Field, alimpita Jim Brown katika jumla ya yadi za kukimbia. Yadi 12,312 za Brown zilikuwa zimekaa kileleni tangu 1965. Haki itendeke: Brown alizipata katika misimu tisa tu, kwa wastani wa zaidi ya yadi tano kila alipopewa mpira, na kama swali ni nani alikuwa na kipaji kikubwa zaidi cha kukimbia, mwandishi huyu angemchagua Brown. Tofauti ni kwamba Brown aliondoka akiwa na miaka 30 kwenda kuigiza filamu, naye Payton akabaki.

Kubaki kulimlipa mwaka 1985. Kocha alikuwa Mike Ditka, mchezaji wa ule ubingwa wa 1963, mkali, mwenye sharubu na hasira zisizofichika. Kwotabeki alikuwa Jim McMahon, mtundu wa miwani nyeusi. Ulinzi ulipangwa na Buddy Ryan, na hadi leo wapo wanaousema kuwa ulinzi bora kuliko wote waliopata kuonekana. Walikuwa na William Perry, mzuiaji mnene mno aliyeitwa "Friji", ambaye Ditka alianza kumpa mpira karibu na mstari wa goli ili kuwachekesha watu na kuwatisha wapinzani. Bears walishinda mechi 15 na kupoteza moja, kule Miami. Kabla hata ligi haijaisha walikuwa wamerekodi wimbo wa kujisifu, Super Bowl Shuffle, na Payton akiwamo akirapu. Alikuwa amekula misimu kumi ya shida kabla ya kufika hapo, na mwaka ule, akiwa na miaka 32, alikimbia yadi 1,551.

Fainali ilichezwa New Orleans tarehe 26 Januari 1986 dhidi ya New England Patriots. Mara ya pili tu timu ilipocheza mpira, Payton aliudondosha, Patriots wakauokota na kupata pointi tatu. Hiyo ndiyo furaha pekee waliyoipata mapema. Kilichofuata kilikuwa maangamizi: 46 kwa 10. Wapinzani walikuwa wameapa kwamba Payton hatawapita, wakamrundikia watu, na nafasi iliyobaki wazi ikawanufaisha wenzake. McMahon alifunga mara mbili kwa miguu yake. Matt Suhey, rafiki mkubwa wa Payton, alifunga. Katika robo ya tatu Bears walikuwa yadi moja kutoka mstari wa goli. Ditka akamwita Friji, na Friji akafunga.

Payton hakufunga. Kipenga cha mwisho kilipolia na wenzake wakawa wanarukaruka, alijifungia katika chumba kidogo cha kuhifadhia vifaa. Ilibidi wakala wake amfuate humo na kumbembeleza atoke akazungumze na waandishi wa habari, asije akaonekana mchoyo. Alitoka na kusema maneno ya kistaarabu. Wapo waliomlaumu baadaye kwamba alitanguliza nafsi yake siku ya furaha ya wote. Lawama hiyo ni nyepesi. Mtu aliyeibeba klabu mgongoni tangu siku za sifuri alikuwa na haki ya kupewa yadi ile moja, na Ditka mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba kusahau kumpa Payton nafasi ile ni miongoni mwa majuto makubwa ya kazi yake. Siku mbili baada ya fainali chombo cha anga Challenger kililipuka na kuua watu saba, na ziara ya mabingwa Ikulu ya Washington haikufanyika.

Alicheza misimu miwili zaidi. Klabu ilikwisha kumpata mrithi, Neal Anderson, na mwaka 1987 wakagawana kazi. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Januari 1988, ya mtoano dhidi ya Washington, hapohapo Soldier Field. Bears walikuwa nyuma 21 kwa 17, muda unayoyoma, jaribio la nne, yadi nane zinahitajika. Payton akapokea pasi fupi na kukimbia kando ya uwanja. Alipata yadi saba. Beki mmoja wa Washington alimsukuma nje ya mstari, na huo ukawa mwisho. Alikaa benchini peke yake, helmeti kichwani, kichwa mikononi, hata baada ya watu kuanza kuondoka. Hesabu zilifungwa: yadi 16,726 za kukimbia, tachidauni 110 za kukimbia, mechi 190.

Maisha ya baada ya hapo hayakumkalia vizuri. Alitamani kuwa mmiliki mweusi wa timu ya NFL na akajiunga na kundi lililotaka kuipatia St. Louis timu mpya. Mwaka 1993 ligi ikatoa nafasi kwa miji mingine. Mwaka huohuo aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa mchezo huu, akitambulishwa jukwaani na mwanawe Jarrett mwenye miaka 12. Akafungua mgahawa katika mji wa Aurora, akaingia katika mbio za magari, na katika ajali moja huko Wisconsin gari lake liliwaka moto naye akaungua. Ni vigumu kutoona mtu anayetafuta mahali pengine pa kugongwa.

Februari 1999 aliitisha waandishi wa habari. Walioziona picha walishtuka: mashavu yamebonyea, miwani nyeusi, koti limekuwa kubwa. Alieleza kwamba ana ugonjwa nadra uitwao kwa Kiingereza primary sclerosing cholangitis, ambao husababisha makovu katika mirija ya kupitishia nyongo na hatimaye kuliharibu ini. Dawa yake ilikuwa kupandikizwa ini la mtu mwingine. Aliulizwa kama anaogopa, akakubali kwamba anaogopa, na akalia mbele ya kamera huku Jarrett akiwa pembeni yake. Kwa mtu aliyekuwa anainuka upesi ili beki asijue kama ameumia, kulia huko kulikuwa kuvunja mwiko wa maisha yake yote.

Ini halikupatikana kwa wakati. Saratani ilianza katika mirija ileile na ikawa sababu ya kutopandikizwa tena. Hata hivyo aliendelea kuwahimiza watu wajiandikishe kutoa viungo, na katika jimbo la Illinois waliitikia kwa wingi. Suhey alikuwa akimpeleka kwa madaktari na kukaa naye. Payton alifariki tarehe 1 Novemba 1999, akiwa na miaka 46.

Siku sita baadaye Bears walikuwa ugenini Green Bay, kwa Packers, mahasimu wao wa jadi waliokuwa wamewafunga mara kumi mfululizo. Bears waliongoza 14 kwa 13 zikiwa zimebaki sekunde chache, na Packers wakajiandaa kupiga mpira rahisi wa kupita katikati ya nguzo. Bryan Robinson wa Bears aliruka na kuuzuia kwa mkono. Alisema baadaye kwamba Payton ndiye aliyemnyanyua. Mwaka huohuo tuzo ya ligi kwa mchezaji anayesaidia jamii, ambayo Payton aliitwaa mwaka 1977, ikapewa jina lake. Mwaka 2002 Emmitt Smith wa Dallas Cowboys aliivuka rekodi ya Payton ya jumla ya yadi za kukimbia.

Halafu, Oktoba 2011, mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Rais Barack Obama, shabiki wa Bears na mkazi wa Chicago, aliwaalika mabingwa wa 1985 Ikulu kwa ziara waliyoikosa miaka 25 kabla. Na madukani kilikuwa kimeingia kitabu cha mwandishi Jeff Pearlman, kilichomweleza Payton aliyemeza dawa nyingi za maumivu, aliyeishi mbali na mkewe Connie ilhali ndoa ikiendelea mbele ya umma, aliyezama katika sonona baada ya kustaafu hadi kufikiria kujiua. Chicago ilikasirika. Ditka alisema hadharani kwamba angemtemea mate mwandishi huyo. Familia ililalamika kwamba marehemu hawezi kujibu.

Hasira zao zinaeleweka, ila kitabu hicho hakikupunguza hata yadi moja. Anayekisoma baada ya kutazama mikanda ya zamani huanza kuwahesabu wale mabeki aliowageukia kwa hiari, mmoja mmoja, msimu hadi msimu, na kujiuliza ni vidonge vingapi vilihitajika ili asimame upesi vile Jumapili iliyofuata. Madaktari wa timu za enzi zile walitoa dawa hizo pasipo maswali mengi, na Payton hakuwa peke yake aliyezihitaji.